Nyuma Sina Macho

Mama yangu alikuwa anapofuka. Tiba ilikuwepo, na kilichomzuia kuifuata kilikuwa mume wangu.

Hakuwa amemkosea lolote zaidi ya kunioa. Kwetu Handeni, kwa watu wa rika la mama, mkwe wa kiume ni mtu wa kuonewa haya. Mama mkwe hali naye, hamtazami usoni, hamshiki mkono, wala halali chini ya bati lake. Akimwona anakuja njiani, anachepuka na kuingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Mume wangu naye, Mshambaa wa Kwashemshi aliyelelewa na bibi yake, alikuwa na haya hiyo hiyo mara mbili. Tangu tuoane walikuwa hawajawahi kusemeshana. Salamu zilipitia kwangu. "Mwambie mama shikamoo." "Mwambie marahaba." Nami nimesimama katikati kama mlango.

Daktari wa macho pale Korogwe alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limeshakomaa. Upasuaji wenyewe ni mfupi. Ila baada yake mgonjwa akae karibu na hospitali, atiwe matone ya dawa, asibebe kitu kizito, asiiname, arudi kukaguliwa. Mama alikuwa akiishi peke yake Misima tangu baba alipofariki, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Kutoka nyumbani kwetu hadi hospitali unakwenda kwa miguu huku chai haijapoa.

"Silali kwa mkwe," alisema mama.

"Mama, utapofuka."

"Nitapofukia kwangu."

Mara ya mwisho nilipomtembelea Misima, nilimkuta amefunga kitambaa kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Alikuwa ameweka mkono kwenye jiko akidhani ni ukingo wa meza. Aliponieleza alicheka, akaniambia nisifanye uso huo. Hakuwa akiuona uso wangu. Alikuwa akiujua tu.

Ijumaa ile alikuja kliniki, akalala kwa jirani yetu mmoja mwenye nyumba iliyojaa wajukuu, ambako kwa usiku mmoja angeweza kubanana nao. Jumamosi asubuhi alikuwa apande basi arudi zake. Alitukuta uani tukipakia mitumbwi kwenye kirikuu cha kukodi.

Mume wangu ni fundi wa pampu za umwagiliaji. Kazi yake ndiyo iliyomfundisha mto. Katika stoo ya kambi moja ya wageni iliyofungwa alikuta mtumbwi wa faiba wa watu wawili na kayaki nyekundu ya mtu mmoja, vyote vimepasuka. Akaviziba, akavipiga msasa, akanitazama kama mtoto aliyeokota ndege. Tangu hapo wikiendi zetu ni za mtoni. Jumamosi tunashusha mitumbwi juu huko, tunateremka na maji, tunalala ukingoni, na Jumapili tunaibukia Korogwe karibu na daraja. Mara ya kwanza nilikwenda kwa sababu sura moja ya riwaya yangu ilikuwa imegoma. Sura ikaja kuisha, na safari hazikuisha. Nyumbani mume wangu ni mtu wa maneno machache. Majini anaongea, tena anaongea akiwa nyuma yangu, na mimi nimezoea kumsikiliza nikiwa nimeutazama mto.

"Twende na sisi," nilimwambia mama. Lilinitoka tu.

"Wapi?"

"Mtoni. Tunalala nje. Hakuna nyumba, hakuna bati. Mto si wa mkwe."

Mume wangu, upande wa pili wa gari, aliacha kufunga kamba.

"Mto gani? Ruvu?" Hivyo ndivyo wazee wa kwetu wanavyouita Mto Pangani. Mama alizaliwa karibu nao, akavuka kwenda gulioni kwa mtumbwi wa gogo kabla hajaolewa Misima.

"Ruvu."

"Huo mtumbwi wenu una tundu?"

"Hauna."

"Basi ngoja nikachukue kanga kavu."

Ilikuwa kiangazi, mto umetulia, rangi yake kama chai ya maziwa. Kushoto kwetu milima ya Usambara ilikuwa imejifunika ukungu hadi kiunoni. Kulia ilikuwa nyika ya Handeni, migunga na vumbi la ng'ombe. Mume wangu alitangulia kwenye kayaki. Mimi na mama tulipanda mtumbwi, mama mbele, jaketi la kuelea limemkaa juu ya gauni kama godoro, na mimi nyuma.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kuuendesha mtumbwi ule. Siku zote nilikaa mbele. Anayekaa nyuma ndiye anayeuelekeza, kwa kulaza kafi lake majini hivi au vile, na nyuma siku zote alikuwa mume wangu. Nilipiga kafi kulia, tukageuka kushoto. Nilipiga kushoto, tukaendelea kugeuka kushoto. Tuliingia kwenye matete, tukatoka, tukazunguka, tukaingia tena pale pale aliposimama ndege mmoja, korongo.

"Yule korongo," alisema mama, "sasa ananijua."

Mume wangu alikuwa amesimamisha kayaki mbele yetu, anateseka. Alitaka kumwambia mama anyanyue kafi lake, maana mama naye alikuwa akipiga maji kwa bidii, upande wowote uliomjia. Lakini mkwe hamwelekezi mama mkwe.

"Mke wangu," aliita, "hebu mwambie mama... yaani wewe... yaani nyote wawili, pumzikeni kidogo!"

"Anasemaje?" mama aliuliza, ingawa alikuwa amesikia vizuri.

"Anasema tupumzike."

"Mwambie hatujachoka."

"Mama anasema hatujachoka."

"Nimesikia," alisema mume wangu kwa unyonge.

Tukaingia kwenye matete mara nyingine. Safari hii tulikwama kabisa, mafunjo yakatufunika vichwa, na ndege mdiria akaruka akitutukana. Mama aliweka kafi magotini. Akafikiri.

"Huyo anayekaa nyuma," alisema, "anamwona wa mbele usoni?"

"Hamwoni. Anaona mgongo tu."

"Na wa mbele anamwona wa nyuma?"

"Akigeuka."

"Mimi sigeuki. Shingo yenyewe haigeuki." Akavuta kanga yake mbele kidogo. "Mwambie mwenzio aje akae nyuma. Nyuma sina macho."

Kwa hiyo tukabadilishana, mimi nikaingia kwenye kayaki, na mume wangu akapanda nyuma ya mama. Alipanda polepole, amebana pumzi. Mtumbwi ulinyooka saa ile ile, kama mnyama aliyemtambua mwenyewe.

Ila haya haikuwa imebaki kwenye matete. Kila alichotaka mama afanye alinieleza mimi niliyekuwa pembeni, nami nikamweleza mama aliyekuwa mbele yake, umbali wa mkono.

"Mwambie mama apige kulia."

"Mama, piga kulia."

Tayari mtumbwi ulikuwa juu ya mchanga.

"Mwambie mwenzio," alisema mama, "maneno yake yanapita Mombo kwanza ndiyo yaje Korogwe."

Mume wangu alicheka kwa pua. Mama alisikia, na nikaona mgongo wake ukicheka pia. Nilisali kimoyomoyo wasijue kwamba nimewaona.

Baadaye, mchana, mto ulijikunja na kuwa mwembamba, maji yakaongeza mwendo. Kwenye kona palikuwa na mkuyu ulioinama, na tawi lake moja nene limelala juu ya maji, kimo cha kifua cha mtu aliyekaa. Tawi lilikuwa upande wa kulia, na kulia ndiko jicho la mama lilikuwa limefunga kabisa. Mume wangu alikuwa anavutia mtumbwi kushoto, misuli ya shingo imemtoka, na maji yanavutia kulia. Mimi nilikuwa nyuma, nimenaswa na matete.

"Mwambie mama ainame!" alinipigia kelele.

Nilifungua mdomo, lakini nilikuwa mbali na maji yalikuwa yanavuma. Nilimwona mama amekaa wima, mwenye heshima zake, anakwenda kwenye tawi kama anakwenda harusini.

Kisha mto mzima ukasikia.

"Mama! Inama! Inama!"

Mama alijikunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Tawi lilipita juu yake, likachukua kanga ya kichwani, likabaki nayo. Mume wangu naye alilala kifudifudi. Wakatokea upande wa pili, mtumbwi unayumba, mama kichwa wazi, nywele zake nyeupe zilizosukwa mistari mitatu ziko juani mbele ya mkwe wake.

Nilipofika pale niliitungua kanga kwa kafi, nikampelekea. Alijifunika bila kunitazama. Kutoka hapo mpaka tulipotua, kafi la mume wangu liliingia majini bila sauti, kama mtu anayetembea kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Tulitua mahali wafugaji wanaponyweshea ng'ombe, ambapo ukingo umevunjwa na kwato na kuwa mpana. Mamba wapo katika mto ule, na mume wangu halali mahali asipopaulizia kwa watu kwanza. Tulipandisha mahema juu, mbali na maji. Yaani, la mimi na mama tulilipandisha hapo. La kwake alilibeba akaenda nalo nyuma ya kichaka, kisha nyuma ya kichaka kingine.

Nilimfuata.

"Nimemfokea mama," alisema. Alikuwa anagongea kigingi ambacho kilikuwa kimeshazama.

"Umemwokoa."

"Nimemwambia inama. Bila hata 'tafadhali'. Na nimemwona kichwa wazi." Akaendelea kugonga. "Sasa hata kliniki hatakuja tena. Nimemaliza kila kitu."

Mimi pia nilihofia hivyo. Nilikuwa nimetumaini safari ile ingemzoesha mama kuwa karibu nasi, japo kwa usiku mmoja, japo kwenye turubai. Na sasa yule niliyetaka amzoee alikuwa amemtia aibu ambayo, kwa hesabu za kwetu, haina maji ya kuioshea.

Mume wangu alisonga ugali, nikaunga dagaa kwa nyanya. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameelekea mtoni. Nilimpelekea sahani. Akasema ameshiba. Nilipeleka sahani nyuma ya kichaka. Mume wangu akasema ameshiba. Tangu asubuhi walikuwa hawajala kitu, kila mmoja akimwonea haya mwenzake, na mimi niliyekuwa na njaa ya kweli nilikuwa nikitembea na sahani mbili kama mhudumu wa hoteli isiyo na wateja.

"Kaa chini," mama aliniambia. "Unanitia kizunguzungu." Nikakaa. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya migunga, na maji yamekuwa na rangi ya kutu. "Mwenzio yuko wapi?"

"Kule nyuma."

"Anakula?"

"Hali."

"Mwite. Aje akae nyuma yangu, kama mtumbwini. Na wewe kaa katikati, upitishe sahani."

Ndivyo tulivyokaa, watu watatu kwenye mkeka mmoja, kila mtu amempa mgongo wa nyuma yake, wote tumeutazama mto. Wakati huo alipita mama mmoja wa Kimaasai akiwapandisha ndama wake kutoka majini. Alisimama, akatutazama kwa muda.

"Mnangoja basi?" aliuliza.

"Yule wa nyuma ni mkwe wake," nikasema, nikimwonyesha mama.

"Aaa!" Uso wake ukabadilika, akageukia upande mwingine kwa adabu, kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha. "Basi kaeni vizuri. Kwetu hata mkeka huo asingeukanyaga." Akaondoka na ndama wake akicheka peke yake.

Mama alimega tonge la kwanza. Akatafuna.

"Ugali huu kausonga nani?"

Nilifungua mdomo.

"Sikukuuliza wewe."

Mahali fulani chura alianza, akaacha.

"Ni mimi, mama," alisema mume wangu.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake, ukiacha yale ya mkuyu.

"Una mabuje, madonge matupu."

"Ndiyo, mama."

"Huko milimani mmezoea ndizi."

"Na viazi, mama."

"Ndizi na viazi havisongwi. Ndiyo maana mikono yenu imelegea."

"Ndiyo, mama."

"Hata mtumbwi unampeleka mtu kwenye mti."

"Ule mti ulikuwa wa upande wenu, mama. Upande wa Handeni."

Niliganda. Mgongo wa mama uliganda pia. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka tonge likamdondoka, akalitafuta kwenye mkeka kwa vidole na hakulipata.

Alipotulia alisema, bado ameutazama mto, "Hiyo sauti ya leo mchana ulikuwa umeificha wapi siku zote?"

"Nisamehe, mama."

"Sijasema kosa. Nimeuliza." Akanawa mkono kwenye bakuli. "Tangu mzee aondoke watu wote wananinong'oneza. Misima nzima. Wakija wanasema pole, pole, wanaweka miguu chini kama kuna maiti ndani. Huyu mtoto wangu ndiyo kabisa, akiongea nami unadhani ananiaga. Mzee alikuwa ananipigia kelele kutoka shambani. 'Wee mama, mvua!' Natoka mbio, naanua mahindi. Nilikuwa nakasirika. Nilikuwa namwambia, mimi si kiziwi." Akafuta mkono kwenye kanga. "Leo niliposikia 'inama', niliinama kabla sijajua nani kasema."

Mume wangu alikuwa nyuma yangu, sikumwona, lakini nilisikia akivuta pumzi na kuchelewa kuitoa. Mimi nililia kidogo, bila sauti. Katika mkao ule hakuna aliyeweza kuniona.

Wakati wa Magharibi ulipoingia tulitawadha kwa maji ya dumu. Mume wangu alitangulia kuswalisha, sisi nyuma yake. Mama alipomaliza kutoa salamu alikaa kidogo, kisha akaniambia, sauti ya kawaida, iliyofika kote, "Hata hapa hatutazamani. Na tuko pamoja."

Asubuhi maji yalikuwa yanafuka ukungu. Mama aliingia mtumbwini mwenyewe, akakaa mbele, akashika kafi. Mume wangu akapanda nyuma. Hakuna aliyenituma ujumbe wowote, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu sikuwa na kazi.

"Kushoto, mama."

Mama akapiga kushoto.

Nilikuwa nawafuata kwa kayaki, karibu kiasi cha kusikia. Waliongea habari za pampu, na bei ya mbegu, na kama ni kweli huko Kwashemshi watu wanavaa makoti hata mchana. Mkonge ulianza kuonekana ukingoni, mistari yake imenyooka. Tulikuwa tunakaribia Korogwe. Nilijua kwamba tukifika darajani mama ataulizia basi la Misima, na sikuwa na neno jipya la kumwambia.

"Hiyo baraza yenu," alisema mama ghafla, "inatazama wapi?"

"Barabarani, mama."

"Viti mmevipangaje?"

"Vinatazamana."

"Hapo ndipo mlipokosea."

Mume wangu alipiga kafi, akalilaza, mtumbwi ukakwepa jiwe. "Viti vinaweza kupangwa kama mtumbwi," alisema.

"Na mimi nikila ndani, wewe unakula wapi?"

"Nakula barazani, mama. Hata leo nakula huko."

"Uongo," nikasema.

"Wewe umeulizwa?" alisema mama. Kisha, "Na hayo matone, nani atatia?"

"Mke wangu... yaani, mtoto wako, mama."

"Huyu? Mkono wake unatetemeka. Akitia uzi kwenye sindano anamchoma aliyekaa jirani."

"Nipo hapa nawasikia," nikasema.

"Basi sikiliza. Nitakuja kwa siku za matone tu. Sihamii. Matone yakiisha, basi langu lile pale."

Tulitua chini ya daraja, kwenye tope. Mimi nilikuwa bado natoka kwenye kayaki, nimezama hadi goti, wakati mama aliposimama mtumbwini akitaka kushuka. Mtumbwi uliyumba. Mume wangu alikuwa ameshatua, yuko ukingoni juu yake, na niliona mkono wake ukitoka na kurudi. Kumshika hakuwezekani, na kumwacha aanguke pia hakuwezekani. Aligeuza uso pembeni, akaokota kafi, akamnyooshea, yeye ameshika upande wa bapa.

"Kafi liko mbele yako, mama. Kulia kidogo."

Mama alipapasa hewani, akalipata, akalishika kwa mikono miwili. Akavutwa juu. Walipanda mteremko hivyo hivyo, yeye ameshika huku, mkwe ameshika kule, kila mmoja anatazama njia yake, na kati yao urefu wa kafi.

Hivyo ndivyo alivyoingia nyumbani kwetu siku ile, angoje upasuaji. Kwenye mlango aliachia kafi, akavua ndala, akasema bismillahi.

Jicho la kulia lilipasuliwa wiki iliyofuata. Jioni tuliyomrudisha kutoka hospitali alikuwa na bandeji upande mmoja na kiburi pande zote. Mume wangu alikuwa amepanga viti vya baraza kama tulivyokubaliana, kimoja nyuma ya kingine, vyote vinatazama barabarani, na wapita njia wameshaanza kutuuliza tunasafiri kwenda wapi. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Mama alikuwa anatoka ndani kuelekea kiti chake cha mbele alipoidondosha tasbihi yake, nikasikia shanga zikigonga sakafu. Alianza kuinama kuitafuta.

"Mama! Usiiname!"

Sauti ile ile ya mkuyu. Nilitoka mbio na mwiko mkononi. Mama alikuwa amesimama wima katikati ya baraza, mikono hewani, kama mwizi aliyekamatwa. Mume wangu alikuwa kwenye kiti cha nyuma, ameshasimama nusu, amejiziba mdomo.

Mama hakugeuka. Alijishika kiuno, akaitazama barabara kwa jicho moja.

"Juzi niiname, leo nisiiname," alisema. "Kaa uamue, we Mshambaa. Na hiyo tasbihi niokotee."

Mume wangu aliiokota. Aliiweka kwenye ncha ya kafi lililokuwa limeegemea ukuta, akamnyooshea.